Wivu Wangu na Maharage ya Mama Nkwimba

Vijana wa ugani mliobaki kazini mmeniomba, kwenye kundi letu la simu, niandike niliyojifunza tangu nilipoanza kazi hadi nilipokabidhi funguo za ofisi mwaka huu. Wengine mnatarajia nieleze nilivyopanda vyeo. Sitaeleza, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitaeleza habari ya maharage, na ya mama mmoja ambaye nilimwonea wivu kwa zaidi ya miaka ishirini, wakati aliyeajiriwa kumfundisha mwenzake kilimo nilikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa Ushirombo, Msumbwa. Nilipomaliza chuo cha kilimo nilipangiwa kata moja nje kidogo ya Kharumwa. Niliteremka kwenye lori la pamba nikiwa na sanduku la bati, godoro, na daftari la chuo nililolifunga kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Bwana shamba niliyemkuta aliitwa Mzee Kashindye, mtu mfupi, mkavu wa maneno, mwenye baiskeli ambayo breki zake zilikuwa viatu vyake. Hakuniuliza nilifaulu vipi. Alinipa punje kumi za maharage na kipande cha kanga kuukuu.

"Zioteshe," akasema.

"Nizioteshe wapi, mzee?"

"Humo humo kwenye kitambaa. Kiloweshe, kikamue, panga punje, kikunje, weka pasipo na jua. Kila siku angalia kisikauke. Siku ya sita uniletee."

Siku ya sita zilikuwa zimeota tisa. Akaniuliza ile ya kumi ilikuwa na nini. Sikujua. Akaichukua, akaipasua kwa ukucha, akanionyesha kijitundu kidogo mno ubavuni.

"Fukusi alishaingia. Ungeifukia, ungeimwagilia, halafu ungeilaumu mvua. Usimpe mtu mbegu ambayo hujaiotesha mwenyewe. Umenielewa?"

Nikamwambia nimeelewa. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza kazini, na ndilo nililokuja kulivunja.

Wiki iliyofuata alinipeleka kwa Mama Nkwimba. Mume wake alikuwa akishinda kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, upande wa Geita, nyumbani akirudi mara chache, na mama huyu alilea watoto kwa bustani iliyokuwa nyuma ya jiko. Nilitegemea kuona bustani kama zile nilizokwisha kuziona: mstari umeota hapa, pengo pale, kuku katikati. Nikakuta mistari ya maharage iliyoota yote, shimo kwa shimo. Pembeni, kwenye kivuli cha ukuta ambako jua la mchana halifiki, kulikuwa na njegere zikitambaa kwenye vijiti. Njegere, katika joto lile! Chuoni tuliambiwa njegere ni za watu wa milimani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, bhabha." Kisha akamgeukia Mzee Kashindye. "Huyu ndiye bwana shamba mpya? Mbona mikono yake laini hivi?"

Mzee Kashindye alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Alizunguka bustani ile akiinama na kuinuka, akigusa majani kwa mgongo wa kidole, kisha akaniambia mbele yake, "Huyu mama mimi sijamfundisha kitu. Mimi huwa nakuja kujifunza."

Wivu uliniingia pale pale, nimesimama kati ya mstari wa tatu na wa nne. Nilikuwa na cheti, nilikuwa na daftari, na mtu pekee ambaye nilitaka anisifu alikuwa anamsifu mama asiyejua kusoma.

Miezi michache baadaye Mzee Kashindye alihamishiwa Chato. Asubuhi ya kuondoka aliniachia baiskeli, akanipa mkono. Nilisubiri aniambie kwamba ananiamini, au angalau kwamba nitaweza.

"Ukikwama," akasema, "muulize Mama Nkwimba."

Nikajibu, "Ndiyo, mzee," na moyoni nikaapa kwamba nitakwama peke yangu.

Nikakwama mapema. Msimu wangu wa kwanza peke yangu nilianzisha shamba darasa mbele ya ofisi ya kata, kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa bustani za nyumbani. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Sayi, mwanamke mchangamfu ambaye hakukosa kikao hata kimoja. Nilifuata daftari langu: nikaroweka maharage tangu jioni hadi asubuhi, nikayapanda kwenye udongo mweusi wa mbuga siku moja baada ya mvua kubwa. Maharage yakavimba, maganda yakapasuka, yakaozea chini. Machache yaliyobaki hai yalikuta udongo wa juu umekauka na kugeuka ukoko mgumu kama sakafu, yakavunjika shingo yakijaribu kutoka.

Siku ya kikao akina mama walisimama kuzunguka kiwanja chenye upara. Mama Nkwimba alifika mwisho. Akainama, akafukua kwa kidole, akatoa punje iliyooza, akainusa, akairudisha. Angecheka ningemsamehe.

Mama Sayi ndiye aliyeuliza, tena mbele yangu, darasani kwangu. "Mama Nkwimba, wewe kwani unafanyaje?"

"Maharage siyaroweki," akasema. "Naimwagilia ardhi jana yake, ishibe. Halafu nayapanda makavu, yanywe polepole yenyewe. Njegere ndizo naziroweka, tena saa chache, maana ganda lake gumu. Kwenye mbuga kama hapa nafukia kifundo kimoja cha kidole. Kwenye mchanga, viwili. Nikishafukia natandaza nyasi kidogo, na naziondoa maharage yakianza kuchungulia. Mvua ikipiga kabla hayajatoka, napita na kijiti napasua ule ukoko taratibu."

"Na kuku?" mmoja akauliza.

"Miiba. Kuku haogopi kitu kingine." Akafikiri kidogo. "Na kila punje nailaza jicho lake, lile kovu la ubavuni, litazame chini."

Hapo nikaona mwanya. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba habari ya jicho haina uthibitisho wowote.

"Sawa, bwana shamba," akajibu kwa upole. "Basi ya kwako liweke litazame juu."

Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Miaka mingi baadaye nilipanda mistari miwili nyumbani kwangu, mmoja jicho juu, mmoja jicho chini. Tofauti ilikuwepo, ingawa ndogo. Sikumwambia.

Kuanzia siku ile nilimfanyia visa vidogo vidogo, vya mtu mwenye kalamu. Kila mwaka kata ilitakiwa kupeleka mkulima kwenye maonyesho Geita, na kila mwaka jina nililoliandika halikuwa lake. Sababu sikukosa: mara bustani yake ni ndogo, mara hawezi kuzungumza mbele ya wageni, yeye ambaye alikuwa amenimaliza mbele ya kikundi kizima kwa sentensi moja. Njia zake nilizichukua zote. Katika taarifa zangu niliziita "mbinu bora za uoteshaji zilizobuniwa katika kata", bila kusema nani alizibuni. Nikipita kwake kwa baiskeli nilikuwa nahesabu mashimo kwa jicho, nikitafuta pengo. Siku nikiliona, nilikula vizuri.

Hata nyumbani hakuniachia nafasi. Mwaka mmoja bustani yetu iliota vizuri kupita kawaida. Nikamwita mke wangu, Mama Agnes, nikamwonyesha na kumweleza kwa kirefu jinsi kazi yangu ilivyozaa matunda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mbegu alinipa Mama Nkwimba," akasema. "Na alikuja kunionyesha kupanda ulipokuwa semina."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa bado hayajabeba. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda machimboni, na akina mama wakaweka tumaini lote kwenye bustani za mvua za vuli. Ofisi ilileta magunia ya mbegu za maharage kwa ajili ya vikundi. Zilifika mapema, katikati ya kiangazi, na zilifika nzuri, maana niliziona. Nikazipanga kwenye stoo yangu, chumba kifupi chenye bati kavu bila dari, ukuta wake ukipigwa na jua tangu mchana hadi linapozama. Nikazirundika mpaka karibu na bati, nikafunga kufuli, nikaenda kwenye shughuli nyingine.

Mvua zilipokaribia nikakumbuka kitambaa. Nikachukua punje kumi. Siku ya sita zilikuwa zimeota tatu. Nikachukua kumi kutoka gunia jingine: tatu. Gunia la mwisho: nne. Nikazipasua zile zilizogoma. Hazikuwa na fukusi. Zilikuwa zimekufa kwa joto, na aliyezichoma ni mimi.

Nilikuwa bado nafikiri la kufanya Mama Sayi aliponifuata ofisini.

"Bwana shamba, Mama Nkwimba anasema mwaka huu ana magudulia matano ya mbegu. Anaweza kugawia kikundi kizima, kama hizi zako zina shida."

"Nani kasema zina shida?"

"Hakuna aliyesema. Anasema tu stoo yako ina joto."

Ningeweza kusema kweli wakati ule. Mvua ilikuwa bado, mbegu zilikuwepo, zilitosha. Ilihitajika sentensi moja tu: mbegu zangu zimeharibika, chukueni zake. Lakini niliiona picha yote: akina mama wakienda kwake kwa mstari, yeye akiwapimia kwa kibaba, mimi nimesimama pembeni na funguo za stoo yenye mbegu zilizokufa. Alijua hata stoo yangu bila kuingia ndani.

"Mwambie nashukuru," nikasema. "Lakini mbegu zake hazijathibitishwa. Zinaweza kuleta magonjwa. Kikundi kitapanda za ofisi."

Maneno hayo siku nyingine yana ukweli, na mtayasema sana kazini. Siku ile yalikuwa uongo. Nikagawa mbegu zile kwa mikono yangu, nikiwaelekeza kifundo kimoja, nyasi juu, miiba pembeni.

Mvua ilinyesha vizuri. Siku ya saba nikaanza kukwepa njia zinazopita kwenye nyumba zao. Siku ya kumi Mama Sayi alituma niitwe. Nilimkuta amepiga magoti bustanini, anafukua shimo baada ya shimo. Katika mstari mzima mlikuwa na miche mitatu.

"Shikamoo, bwana shamba," akasema, ingawa tulikaribiana umri. "Nimekosea wapi?"

Nilivua kofia, nikaivaa tena.

"Nilipima kwa kifundo. Ardhi niliimwagilia jana yake. Niambie nilipokosea, nisirudie. Wanangu nimewaahidi kwamba mboga itapatikana hapa." Akainua mikono yake yenye tope, akaitazama. "Au ni mkono wangu? Mama mkwe aliwahi kusema nina mkono mbaya."

Nimepata makaripio ya wakubwa, nimetukanwa na wafugaji, nimewahi kufukuzwa kwa mkuki kwa sababu ya kipimo cha shamba. Hakuna kilichonipata kazini kinachofanana na kumwona mama yule akiitazama mikono yake. Nikamwambia asipande tena kitu, anisubiri. Nikaondoka moja kwa moja hadi kwa Mama Nkwimba.

Alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anapukuchua.

"Mwadila, mama," nikamsalimu kwa Kisukuma, maana nilikuwa na shida.

"Mwadila. Zimeota ngapi?"

"Kwa Mama Sayi, miche mitatu kwa mstari..."

"Sikuulizi hizo. Za kwenye kitambaa zilikuwa ngapi?"

Nikashtuka. "Umejuaje kama niliotesha kwenye kitambaa?"

"Kashindye alikijulia wapi kile kitambaa? Hapa. Alikaa hapo ulipo wewe." Hakuacha kupukuchua. "Zilikuwa ngapi?"

"Tatu kwa kumi."

"Kabla ya kuwagawia, au baada?"

"Kabla."

Akaweka ungo chini. Nilitamani apige kelele.

"Na mbegu zangu ukazikataa," akasema. "Nilikufanyia nini mimi?"

"Hukunifanyia kitu. Nilikuonea wivu, mama."

"Wivu!" Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mbuzi wake kaolewa. "Wivu wa nini kwangu? Mimi hata jina langu siwezi kuliandika."

"Wa haya maharage," nikasema, na nikajisikia mjinga kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na gudulia moja, akarudi kwa la pili, mpaka yakawa matano mlangoni.

"Mbegu nitatoa. Lakini mimi siwapelekei. Utazipeleka wewe, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba utasema ulichokifanya. Chote. Sitaki Mama Sayi azeeke akidhani ana mkono mbaya."

Nikamwomba nikaseme kikaoni, mara moja kwa wote.

"Nyumba kwa nyumba," akasema.

Ilinichukua siku mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Sayi. Nikamweleza kuhusu stoo, kitambaa, magudulia, na wivu. Alipokea kibaba chake cha mbegu kwa mikono miwili, akasema, "Kumbe," akaingia ndani. Hakunisalimia tena hadi mvua za masika. Nyumba nyingine mama mmoja alinitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye kundi hili. Bibi mmoja aliniuliza mara tatu kama nasema kweli, kisha akanipa maji ya kunywa. Baadaye niliandika barua kwa mkuu wangu wa kazi, nikapewa onyo kwa maandishi. Lilikuwa halali.

Mvua ilikuwa na wiki chache mbele yake. Nyumba nyingi zilirudia kupanda na zikavuna, ingawa kwa kuchelewa. Nyumba mbili za bondeni maji yalituama, hazikupata kitu. Mbili hizo bado nazijua kwa majina, na watoto wao walipokuwa wakinisalimia njiani niliitikia nikitazama pembeni.

Msimu uliofuata nilikwenda kujifunza kwa Mama Nkwimba kama nilivyoambiwa tangu mwanzo. Basi nanyi chukueni hili. Mbegu huanza kuchaguliwa shambani, kwenye mche uliotangulia kuota na kubeba vizuri, wala si kwenye gunia baada ya mavuno. Uache ukomae mpaka ganda lilie ukilitikisa. Kausheni kivulini juu ya mkeka, kamwe msikaushe juu ya bati. Tupeni yenye mkunjo, yenye doa, yenye tundu. Changanyeni na majivu ya kuni yaliyochekechwa, jazeni gudulia mpaka shingoni ili fukusi wakose hewa, fungeni, wekeni penye baridi. Yeye aliweka nyuma ya mtungi wa maji. Stoo ikikufanya uvue shati, kumbuka mbegu hazina shati la kuvua.

Mwaka huo nikaandika jina lake kwenye karatasi ya maonyesho. Tulikwenda Geita pamoja, mimi nimebeba magudulia. Watu walijaa mezani kwake, hadi wanunuzi wa dhahabu waliokuwa wakipita na pikipiki zao. Aliongea tangu asubuhi hadi jioni bila karatasi. Mgeni mmoja alinigeukia akaniuliza, "Na wewe ni msaidizi wake?" Nikasema ndiyo.

Najua mnasubiri niseme wivu uliisha siku ile. Haukuisha. Nilimwonea wivu pale pale mezani, na niliendelea miaka yote iliyofuata. Nilichojifunza ni kukaa nao bila kuupa kazi ya kufanya. Ulipoamka nilijiuliza nani atalala njaa nikiusikiliza, nikaenda zangu kuotesha punje kumi.

Mwezi uliopita, baada ya kustaafu, nilikwenda kumsalimia. Amezeeka, na macho yameingia ukungu. Alinisukumia ungo uliojaa maharage.

"Nichagulie, Deo. Mimi sasa nazigusa tu, sizioni."

Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita kwa jina. Nilikaa mlangoni kwake siku nzima, nikichambua punje moja moja, kisha mvua ilipogusa nikampandia bustani yote mwenyewe, jicho likitazama chini. Yaliota yote. Jumapili, watu wakitoka kanisani, walipita kwenye ua wake na kusimama. Nilimsikia Mama Sayi akisema, "Ona! Hata akiwa haoni, mkono wa Mama Nkwimba ni ule ule." Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa hapo hapo, kofia mkononi.

Walipoondoka Mama Nkwimba akaniuliza, "Umewaambia ni wewe uliyepanda?"

"Hapana."

"Ulitaka kuwaambia?"

"Nilitaka sana, mama."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga. Kisha akapapasa nyuma ya mlango, akatoa ungo wa pili wa maharage yasiyochambuliwa, akaniwekea mapajani.